Kahawa Iliyomwagika kwa Adabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chaki, kipande cha kamba na chumba kilichokuwa stoo ya vyerehani. Mwalimu Mkuu, mwanamke mrefu aliyependa kila kitu kinyamaze, alinisimamisha mlangoni.

"Bi Rukia, hapa tuna wasichana wa watu. Usiwachoshe vichwa."

Nikamwambia nimekuja kwa kazi hiyo hiyo. Ndivyo tulivyoanza, na hatukupendana mpaka mwisho.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaoingia ualimu sasa. Mimi sijazeeka. Mwanangu ananyonya huku naandika, na mkono mmoja hauna raha. Lakini nimeshastaafishwa, na aliyestaafu ana haki ya kusimulia.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru skuli yetu, kichochoroni nyuma ya Ngome, haikuwa na maabara. Fizikia niliifundisha kwa vitu vya jikoni na dukani, na somo nililolipenda kuliko yote ni mwendo wa duara. Unafunga jiwe kwenye kamba, unalizungusha kwa kasi isiyobadilika. Wasichana wote waliapa: "Mwalimu, linavutwa nje! Mkono wausikia mvuto!"

Hapana. Mkono wako ndio unaolivuta jiwe ndani, nalo linakujibu kwa kukuvuta wewe. Lenyewe lataka kwenda moja kwa moja tu. Kila wakati kamba inaligeuza kuelekea katikati, na huko kugeuzwa, hata kama kasi haikuongezeka chembe, ni mchapuko, yaani badiliko la mwendo. Ongeza kasi maradufu, na kamba itadai nguvu mara nne.

Hawakusadiki mpaka tulipotoka uani nikamwambia Zuhura, binti wa mshona kofia, aachie kamba jiwe likiwa kwenye mbio. Halikuruka kutoka katikati kwenda nje. Lilishika njia iliyonyooka, kule kule lilikokuwa limeelekea, likaupasua mtungi wa bawabu. Mzee wa watu alitutukana kwa Kiswahili na Kiarabu, nasi tukacheka mpaka mitandio ikatuvuka.

Mtungi ule ndio aliousubiri Mwalimu Mkuu.

"Bwana Mkaguzi wa skuli anakuja," akaniambia. "Akiridhika, fizikia yako itaendelea. Asiporidhika, chumba kinarudi kwa vyerehani, na wasichana wako watashona foronya."

Basi nikaenda kwa mjomba wangu, muuza viungo, nikaazima kitanga cha mizani: lile sinia dogo la shaba linaloning'inia kwa kamba tatu. Juu yake nikapanga vikombe vya kahawa. Ukilizungusha upesi, kutoka chini mpaka juu ya kichwa, halimwagi hata tone. Pale juu kikombe kimepinduka, naam, lakini kahawa ingali kwenye mbio zake. Uzito wake na msukumo wa kikombe vyote vinatumika kuipinda tu ifuate duara. Zuhura alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alizungusha huku akiimba.

Bwana Mkaguzi akaja na suti nyeupe iliyopigwa pasi ikang'aa.

"Subalkheri, wanangu."

"Akheri, Bwana!"

Zuhura akaanza. Sinia likapaa, likashuka, likapaa. Mkaguzi akafurahi, akasogea karibu aone vizuri. Na Zuhura, msichana aliyelelewa akaleleka, angerushaje sinia mbele ya uso wa mgeni? Akapunguza mwendo. Kwa heshima. Na pale juu kabisa kahawa yote ikashuka kwenye ile suti.

Mwalimu Mkuu alifumba macho. Nadhani alikuwa akishukuru.

Mkaguzi akajifuta kidevu. "Binti, kwa nini imemwagika?"

"Kwa sababu ya adabu, Bwana."

"Adabu?"

"Nilipunguza mwendo kwa ajili yako. Mwendo ulipopungua, kahawa haikuhitaji tena kuvutwa sana ili ifuate duara, lakini uzito wake ni ule ule. Ukazidi, ukaishusha."

"Na ulitakiwa ufanye nini?"

Zuhura akainama. "Nikukosee heshima, Bwana."

Mkaguzi alicheka mpaka akatafuta kiti. "Basi nikosee! Jazeni vikombe!"

Akamkosea. Sinia lilivuma kama nyuki, na tone halikuanguka.

"Mwalimu Mkuu," akasema Mkaguzi, "hawa watafanya mtihani wa fizikia."

"Na suti yako, Bwana?"

"Itafuliwa. Wewe nitafutie kahawa ya kunywa."

Walifanya mtihani, na Zuhura aliwaongoza wote. Sikumbuki sikukuu iliyonipendeza kama siku ile ya matokeo.

Miaka michache baadaye tumbo langu likaanza kuonekana. Mwalimu Mkuu akaniita. "Bi Rukia, mahali pa mama ni nyumbani. Sasa utapumzika." Nipumzike! Na mtoto huyu asiyejua usingizi ni nini! Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na sitaki initoke.

Katika chumba kile sasa anafundisha Zuhura. Alasiri wasichana wake wanakuja barazani kwangu na maswali, wenzao wa mtaani wanawafuata, na kitanga cha mjomba sijakirudisha. Mwanangu akiona sinia linapaa, anaacha ziwa, anapiga makofi.

Mwalimu Mkuu alidhani akiachia kamba nitadondoka pale pale miguuni pake. Aliusahau mtungi wa bawabu. Kitu kilicho kwenye mbio ukikiachia kinashika njia yake, na aliye mbele na ajihadhari.