Kingamwili Iliyokataa Maziwa ya Tumati

Saa moja asubuhi, ukungu wa Mbulu bado haujaondoka, Scolastica Safari anaingia maabara na kopo la maziwa mkononi. Analiweka kando, ananawa, kisha anatoa kwenye friza kichupa kidogo kuliko kidole gumba.

"Huyu ndiye bosi wangu," anasema, akicheka.

Ndani yake mna kingamwili inayonasa protini moja tu, ile inayoizuia seli isife. Nayo huinasa pale tu protini hiyo inapokuwa imebandikwa kemikali ya fosfeti, yaani iko kazini. Watafiti wa saratani hapa wanataka kujua kama protini hiyo iko kazini ndani ya uvimbe wa wagonjwa.

Scolastica, 43, mzaliwa wa Tumati, ni fundi wa maabara kwa miaka kumi na sita. Mwaka jana nusura kibarua kiote nyasi. Kila picha ya kipimo cha kingamwili hii, inayopaswa kuonyesha mistari, ilitoka nyeusi tii. Kiongozi wa mradi, Daktari Tadei, alimweleza kwa upole kwamba kichupa kimebakiza kiasi cha vipimo viwili tu; vikiharibika, sampuli zitapelekwa Dar es Salaam na meza yake itafungwa.

Kabla ya kuweka kingamwili, fundi huulowesha utando wenye protini za mgonjwa ndani ya maziwa, ili kingamwili isigande ovyo na kuitia picha weusi. Maziwa ya unga yalipokwisha, Scolastica alileta ya ng'ombe wa mama yake, akayaengua mafuta. Kwa vipimo vingine yalifaa sana. Picha zilipokuwa nyeusi, akafanya nini? Akaongeza maziwa! Nilimcheka, lakini nami nimekulia Mogitu, kwa wafugaji, ningefanya vilevile.

"Nilishuku mikono yangu, nikashuku maji, nikashuku hata umeme," anasema. "Maziwa, hapana."

Jumapili moja alikwenda Tumati kwa mama yake, Bernadina. Baada ya shikamoo na chai akamweleza yote. Mama, aliyezoea wanunuzi wanaopima maziwa yake wakidhani ametia maji, akamuuliza: "Na maziwa yangu, umeyapima?"

Kesho yake akajilipua. Akaweka tone la maziwa matupu juu ya utando, akatumia kipimo kimoja kati ya viwili. Tone likatoka jeusi. Kumbe protini ya maziwa nayo imebeba fosfeti zake, na kingamwili ilikuwa inazing'ang'ania hizo.

Kipimo cha mwisho alikilowesha kwa albumini, protini itokayo kwenye damu ya ng'ombe, isiyobeba fosfeti hizo. Mistari ikajitokeza, myembamba na safi. Scolastica alikaa sakafuni akalia kwa furaha. Meza haikufungwa, na vichupa vipya vikaagizwa.

Maziwa bado anakuja nayo kila siku, ya chai. Oktoba anaanza shahada, na ameahidi kurudi kufundisha wenzake. Ukutani ametundika picha moja, nayo si ile safi. Ni ile ya tone jeusi, anayotaka kwenda nayo chuoni.

"Ile safi ni ya mgonjwa," anasema. "Hii ni maziwa ya mama."