Laini ya Baba Mkwe

Miaka ile ya Zaire nilitunza mashine ya teleksi bandarini Kalemie. Baba wa mchumba wangu alikuwa na ya kwake stesheni ya treni. Laini zetu zilipita kwenye nguzo zilezile, sambamba, hadi posta, na hapo ndipo ukwe wetu ulipoanza kuharibika kabla haujawa ukwe.

Tukituma kwa wakati mmoja, kila pigo la umeme kwenye nyaya zangu lilisukuma pigo la kwake. Likafika mapema kidogo, au likachelewa kidogo, na mashine ya kule stesheni ya Kabalo, isiyo na huruma, ikachapa herufi nyingine kabisa. Mzee aliomba mabehewa ya mahindi. Wenzake wa Kabalo walipata uji wa herufi, wakamuuliza kama ameanza kunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Huyu alikuwa shemasi wa kanisa, mtu ambaye hata soda aliinusa kwanza.

Akaniita. Nilikaa pembeni, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa.

“Nyiye watu ya kaskazini,” akasema, “muko munaingilia wakubwa mu maneno. Kama muntu anaongea, unangoja amalize.”

“Ndiyo, Papa.”

“Wajomba yako wasikuje Jumapili. Nitawapokea siku watu ya Kabalo wataacha kunicheka.”

Wajomba walikuwa tayari ndani ya boti kutoka upande wa Fizi, pamoja na mbuzi wa posa. Nilitaka kulia.

Basi nikashika adabu: yeye akituma, mimi nangoja. Lakini mzee alichapa kwa kidole kimoja, na kila ujumbe aliuanza kwa salamu na habari za nyumbani. Manahodha wakanizonga dirishani, mkubwa wangu akanguruma. Nikaona heshima peke yake haioi mke.

Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya usafi; ofisi zilifungwa hadi mchana, mji mzima ukifyeka majani. Mimi nikapanda nguzo. Kila laini ilikuwa na nyaya mbili. Zangu nikazivusha: waya wa kushoto ukaenda kulia, kwenye nguzo za mbele ukarudi kushoto, hivyo hivyo hadi posta. Mmoja ukimsukuma mzee, mwenzake unamvuta, naye anabaki palepale. Chini, akina mama wenye majembe walinitazama.

“Huyu anakimbia salongo,” mmoja akasema.

“Hapana, anatafuta muke.”

“Kule juu?”

Mchana nilimwachia mwenzangu mashine yangu, achape bila kupumzika, nikakimbia stesheni. Mzee akatuma ombi lake la mabehewa, akawaambia Kabalo wamrudishie walichopata. Likarudi safi, hata salamu zote. Nilingoja atabasamu. Akavua miwani.

“Tangu mama ya binti yangu alikufa, ni huyu binti njo ananipikia,” akasema. “Ile fujo ya nyaya ilikuwa inanisaidia abakie kwangu.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake, si kwa hilo. Nilimwonea huruma, nikajionea na mimi, maana boti ilikuwa karibu kufika. Nikamwambia wajomba waje tu kesho, na sisi tutapanga nyumba ubavuni kwake.

Akavaa miwani tena.

“Ubavuni hapana,” akasema. “Acha nyumba moja katikati. Nimeona vile nyaya zinafanya.”