Chungu cha Akinyi na Saruji ya Baba Yake

Iko siku moja ya Bwera, ule mji mdogo wa mpakani, ambayo nimehama nayo kila nilikohamia, mwanangu, na leo nakupa wewe. Nilikuwa kijana, utingo wa lori la chumvi kutoka Kabatoro. Lori likaharibika gia, dereva akaenda Kasese kutafuta spea, nami nikabaki kwa Mama Biira, mfinyanzi, nikimchotea udongo bondeni ili nipate chakula.

Jioni watoto wa shule walijaa uani kwake. Aliwafundisha kufinyanga kwa mikono mitupu: wasokote udongo kama nyoka, wauzungushe, waubane kwa vidole, kisha wafunike mdomo wa chungu kwa jani la mgomba na kwenda zao nyumbani. Kesho wataongeza. Ukiongeza siku hiyo hiyo, chini hakujakauka, chungu kinajiketia kama mlevi.

Miongoni mwao alikuwemo Akinyi, binti wa Mkenya mmoja aliyesimamia ghala la saruji. Kazi ya baba ilikuwa imekwisha, na Jumamosi wangepanda basi kurudi kwao kabisa. Akinyi alitaka kitu kimoja tu: kumpelekea nyanya yake chungu alichokifinyanga mwenyewe. Kwa haraka hiyo akakianika juani badala ya kivulini. Kikapasuka ubavuni.

Baba yake hakumgombeza. Alimpenda mno yule mtoto. Alikoroga saruji kidogo, akaziba ufa, akausugua kwa msasa, akapaka udongo juu. Siku ya kuchoma vyungu wakaja nacho, mtoto anatabasamu.

Mama Biira alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akamrudishia baba.

"Hii siwezi tia mu moto, Papa Akinyi. Iko na simiti. Itapasuka, ivunje na za benzake."

"Mama, simiti ndiyo kazi yangu. Hii haitoki!"

"Najua haitoki. Ndiyo ubaya yake: udongo ikijikunja mu moto, yenyewe inakataa."

Akinyi akaanza kulia. Nikamwonea huruma, nikajitia ujuzi. "Mama, choma tu. Nani ataona?"

"Moto itaona," akasema bila kunitazama. "Weye unapita tu, kesho hauko. Hawa batoto ndio watabakia na vipande."

Nilikuwa nimepita miji mingi nikisema maneno ya namna hiyo, na hakuna aliyewahi kunirudishia.

Mama Biira akachuchumaa mbele ya mtoto. "Ufa haikuwa mubaya, mama. Ungeniletea, tungetia mu maji, ikarudi udongo."

Akinyi akajifuta pua. "Na sasa?"

"Pale penye haina simiti, inarudi udongo."

Mtoto aliviangalia vyungu vya wenzake vilivyopangwa juu ya kuni na nyasi kavu. Kisha akakivunja chake mwenyewe, juu ya goti. Hakuna aliyecheka. Akatumbukiza vipande kwenye ndoo. Baba yake hakujua aweke wapi mikono, halafu akakunja suruali, akachuchumaa kando ya binti yake, akaanza kutoa chembe za saruji kwenye udongo, kama mtu achambuaye mchele.

Jumamosi nilimpakilia Akinyi mzigo wake ndani ya basi: donge la udongo mbichi, zito kama jiwe. Kondakta akacheka. "We msichana, kwani Kenya haina udongo?"

"Iko," akajibu. "Lakini nyanya ataniona nikitengeneza."

Baba yake akamwambia kondakta ausogeze mzigo polepole.

Sikuwaona tena. Lakini nakuambia hivi, mwanangu: mtoto akikosea, usikimbilie kulifunika kosa lake kwa ufundi wako hata lisionekane. Mwache alione na aliguse, alirekebishe kwa vidole vyake, nawe chuchumaa karibu naye, hata kama chombo kitachelewa. Na ukiwa mpita njia kama nilivyokuwa, jihadhari na ushauri ambao hasara yake itawabakia wengine.

Mungu akulainishie mkono, akurefushie subira, na popote utakapolala, akukutanishe na mtu atakayekuambia kweli, kisha akupakulie chakula.