Mbuzi wa Ntheo na Nyumba ya Kuvutwa

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi; kijana wangu wa pili, ambaye ni dereva na ndiye mwenye pikapu; mtoto wake, yaani mjukuu wangu, ambaye ni karani na ndiye alikuwa anaoa; wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, ambaye kwa mambo ya mila hakuna anayemweza; na fundi wa kuchomelea vyuma wa hapa Tassia, mtu wa Murang'a, si ndugu yetu lakini amekula kwangu miaka mingi hata ananiita mathe. Halafu mbuzi watatu. Majina ya wote ninayo kichwani, na ya baba zao, na mbuzi mmoja pia alikuwa na jina. Siandiki hata moja, kwa sababu wifi bado yu hai na juzi amenunuliwa miwani.

Kwetu Ukambani msichana hajawa mke wako mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwao, pamoja na vitu vingine. Mara ya kwanza tulivipeleka kwa pikapu wazi, mvua ikatukuta njiani. Unga ulifika ukiwa uji. Mama wa msichana alifungua gunia, akatazama, akauliza kama hicho ni chakula cha kuku. Baba mtu akasema turudi siku nyingine na vitu vikavu, tuwe tumefika kabla ya saa saba, na kwamba hatapokea wageni mara ya tatu. Mjukuu wangu alikonda mwezi mzima. Anakuja kwangu kula, anaangalia sahani tu.

Ndipo kijana wangu akakumbuka karavani. Bosi wake wa zamani alipohama alimwachia, nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu mawili, ina kitanda, ina kabati, ina dirisha lenye pazia, mlango uko nyuma. Ilikuwa imekaa pale nyuma ya ploti yetu, kuku wa keyateka, yule mwangalizi wa ploti, wakitaga ndani. Tukaiosha, tukala mayai.

Fundi akafunga chuma nyuma ya pikapu kwa boliti nene. Mwisho wa chuma hicho kuna gololi kubwa kama yai la bata, na mbele ya karavani, kwenye ile shingo yake, kuna kikombe cha chuma. Kikombe kinakalia gololi, unashusha mkono wa kufungia, unatia pini. Kijana wangu akapangusa mikono, akasema tayari.

"Bado," fundi akasema. Akaweka jeki chini ya shingo, akainua pole pole mpaka mkia wa pikapu ukapanda pamoja nayo. "Ikipanda peke yake, umefunga hewa. Sasa umefunga kitu." Halafu akapitisha minyororo miwili chini, ikapishana kama mtu aliyekunja mikono. Akasema kikombe kikichomoka shingo italala juu ya minyororo, haitalima lami. Akajaribu taa za nyuma, akapiga magurudumu teke.

"Maneno mawili," akamwambia kijana wangu. "Humo ndani hapandi mtu. Na ikianza kucheza nyuma, usikanyage breki kwa nguvu. Toa mguu kwa mafuta, shika usukani sawa, iache ichoke yenyewe."

Wifi alikuwa ameshaweka mto wake kwenye kitanda cha karavani.

"Mbuzi wanapanda?" akauliza.

"Mbuzi si mtu, mathe."

"Kwa hivyo mbuzi apewe chumba chenye pazia, mimi dada ya marehemu nikae kwa kiti."

"Ndiyo hivyo, mathe."

Fundi akaenda kazi yake nyingine Makadara. Hapo ndipo tulipoharibu, kwa maana upakiaji ulibaki mikononi mwa wifi. Alisema vitu hutolewa kwa utaratibu: mbuzi kwanza, kisha asali, kisha sukari na unga, mwisho kabisa blanketi za wazee. Kinachotoka kwanza kipakiwe mwisho. Kwa hivyo blanketi zikaenda mbele kabisa, na magunia, mtungi wa asali na mbuzi watatu walioshiba, wa soko la Kiamaiko, wakasongamana nyuma mlangoni.

Mimi niliona. Niliona shingo ya karavani inauvuta mkia wa pikapu juu, nikafyata mdomo. Siku ile ilikuwa ya wifi, na tumetoka mbali hatusemezani, sikutaka turudi huko.

Mpaka Mlolongo tulienda vizuri. Mjukuu wangu alikuwa amevaa suti tangu alfajiri, anatazama saa kila tukipita mlingoti wa stima. Mbele ya hapo barabara ikafunguka, upepo wa tambarare ukaanza, kijana wangu akaongeza mwendo. Lori refu likatupita. Pikapu ikavutwa kushoto, ikavutwa kulia. Nikageuka, nikaona ile nyumba nyeupe inatikisa makalio barabara nzima kama bibi harusi anayejua anatazamwa.

"Baba, breki," mjukuu wangu akasema.

"Nyamaza."

Kijana wangu akatoa mguu kwa mafuta, akashika usukani kama ameshika sufuria ya maji moto. Tukapunguka, tukapunguka, ikatulia. Tukaegesha kando, mbali na lami. Wifi alikuwa anatazama lile dirisha lenye pazia, upande wa kitanda. Mto wake ulikuwa umeangukia mbuzi.

"Saa tano na nusu," mjukuu wangu akasema. "Shosho, tukienda hivi hatufiki. Na tukienda pole pole pia hatufiki."

Basi nikasema. Mume wangu alivuta mkokoteni kutoka Gikomba miaka kumi na minne, na mimi ndiye nilikuwa nampakilia viazi. Siku moja niliweka magunia nyuma kwa haraka, mikono ya mkokoteni ikainuka naye, akabaki ananing'inia hewani akipiga mateke, soko zima linacheka. Alinifundisha siku hiyo hiyo, na si kwa upole: mzigo mzito ukae juu ya magurudumu, na uegemee mbele kidogo. Kidogo tu. Ukizidisha mbele, mvutaji anainama kama anayetafuta sindano.

"Huyo alikuwa kaka yangu," wifi akasema. "Hakuwahi kuninong'oneza hayo."

"Wewe hukuwahi kumpakilia."

"Na mila? Tufike tuanze kutoa blanketi kama watu wasio na wazazi?"

"Wifi, getini kinachoingia kwanza ni nini? Pikapu au karavani?"

Akafikiri. "Pikapu."

"Basi mbuzi wapande pikapu. Watakuwa wa kwanza kuliko ulivyopanga."

"Na blanketi, ambazo ni za mwisho?"

"Utazipakata. Wewe hushuka mwisho siku zote."

Kijana wangu akageuza uso, akajifanya anakagua pini. Tukasogeza magunia, tukayafunga kwa kamba yasitembee, mbuzi wakafungwa nyuma ya pikapu wakipigwa na upepo. Karavani ikaketi sawa. Tukaondoka kwa mwendo wa heshima na haikutikisika tena hata kidogo. Wifi alipakata blanketi sita, ndevu za jasho kidevuni, mpaka Machakos na kuipita.

Tuliingia getini saa saba kasoro dakika chache. Kijana wangu akaweka mawe kwenye magurudumu kabla ya kufungua chochote. Mama wa msichana hakutusalimia kwanza. Alifungua gunia la unga, akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, akautoa mweupe mkavu, akaupuliza. Ndipo akageukia nyumbani, akamwita binti yake alete maji ya kunawisha wageni. Mjukuu wangu aliketi chini hapo hapo na suti yake.

Siku hizi wifi akisindikiza ntheo za watu wengine hukataa gari liondoke mpaka vizito visogezwe mbele kidogo, anasema ndiyo mila yetu tangu zamani. Simkatizi. Ila kuhusu blanketi yeye husema zilikuwa nne, mimi nasema sita. Wewe uliyekuwepo, au uliyesimama kando ya barabara ukituona, kama nimepotosha mahali, njoo Tassia unikosoe. Chai ipo.