Kioo Kwenye Ufa wa Ukuta wa Kaskazini

Siku ya kwanza kazini sikushika mwiko wa kujengea. Mzee Mughwai, fundi mkuu wa mawe pale Manyoni, alinipa mti mrefu na kunionyesha shimo la chokaa.

"Shikamoo mzee. Nikoroge mpaka lini?"

"Marahaba. Mpaka niseme."

Alisema baada ya wiki tatu. Mimi niliishia darasa la tano, nilidhani nimekuja kujenga, kumbe nimekuja kukoroga. Lakini chokaa ikiruka jichoni inapofua, kwa hiyo nilijifunza woga kabla ya ufundi. Woga huo ndio ninaotaka kuwaachia ninyi mafundi vijana, maana mwenzangu Chilewa alikufa kazini, na kifo chake kina wenyewe. Nitawataja.

Ninyi leo mnapasua mfuko wa saruji, mnachanganya, mnaendelea. Kwa tofali za saruji ni sawa. Ila zile nyumba za mawe za enzi za Mjerumani, zilizobaki huku kwetu karibu na reli, zimeungwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa hivyo unapumua. Masika unakunywa maji, kiangazi unayatoa. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pua: maji yanabaki ndani, udongo unalainika, na ukuta unabaki umesimama kwa mazoea tu.

Somo la pili lilikuwa kioo. Ukikuta ufa, usikimbilie kuuziba. Kata kipande chembamba cha kioo, upana wa vidole viwili, ukigandishe kwa chokaa kikatize ufa, upande huu na ule. Kisha subiri. Kioo hakijui kupinda. Kikipasuka, ujue ukuta unatembea.

"Kikipasuka humwiti bosi," Mzee Mughwai alisema. "Unatoa watu kwanza. Bosi utamwita watu wakiwa nje."

Kutoka kwake nilikwenda Kintinku kukarabati ghala la zamani, halafu Singida Mjini miaka mingi, chini ya mkandarasi aliyetutukana tangu asubuhi mpaka jioni. Mdomo mchafu, lakini hakumpandisha mtu kwenye jukwaa ambalo hajalipanda yeye mwenyewe. Mabosi wa namna hiyo walikuwepo, msije mkasema nawachukia wote.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa nyumba ya mawe nje ya Manyoni, igeuzwe nyumba ya sanaa ya kupokea watalii. Mkubwa wetu alikuwa Msimamizi Elibariki. Alikuwa ametembezwa Uholanzi, mji mmoja wa pwani, akarudi na simu imejaa picha: nyumba nyembamba za matofali mekundu, mnara wa taa, sanamu ya chuma imesimama mchangani kama mtu aliyesahau njia, na bohari kuukuu lililochorwa samaki ukuta mzima.

"Unaona, fundi? Watu wanapanga foleni kuangalia ukuta!"

Zilikuwa picha nzuri, sikatai. Alitaka ukuta wetu wa kaskazini uchorwe hivyo hivyo. Mchoraji alishafika kutoka Dar, wageni rasmi wanakuja Jumamosi.

Sasa ukuta huo ulikuwa na ufa kutoka juu ya dirisha mpaka chini. Kabla yetu ulishapigwa lipu ya saruji kwa amri ya Mhandisi Kisoma, aliyefika mara moja tu, akasaini karatasi juu ya boneti ya gari, akaondoka bila kuugusa ukuta. Nikaweka vioo vitatu. Chilewa, Mgogo wa Kintinku niliyefanya naye kazi miaka kumi na moja, akacheka, maana makabila yetu ni watani.

"Mnyaturu, ukuta umeumia goti? Mbona umeubandika plasta?"

"Ukishashiba mlenda unajiona daktari. Panda juu huko."

Jumanne mvua ilinyesha. Jumatano asubuhi nikakuta kioo cha katikati kimepasuka. Chilewa alikuwa jukwaani tayari, anakwangua vumbi. Badala ya kumshusha, nikamfuata bosi.

"Ukuta unatembea, bosi. Tuuegemeze nguzo kwanza."

"Leo? Mchoraji anaanza saa nne."

"Naomba ile picha ya samaki. Ikuze hapo, pembeni ya mkia. Unaona hicho kidude kwenye ufa? Ni kipimo. Hata wao wameweka."

Aliiangalia. Naapa aliiangalia. Kisha akaitia simu mfukoni.

"Toa hivyo vioo, vinaharibu ukuta wangu. Au kazi huitaki?"

Nikavitoa kwa patasi, kimoja kimoja. Chilewa akainama kutoka juu.

"Vipi, goti limepona?"

"Limepona," nikamjibu.

Haikufika hata hiyo saa nne, mchoraji hajaanza. Ukuta hauanguki kama mti, haukuonyeshi upande. Ulitoa tumbo kwanza, lipu ikapasuka kwa mlio kama bati, halafu mawe. Nilikuwa kwenye kona nachota maji. Mimi ukanivunja mguu. Chilewa ukamchukua mwili mzima.

Taarifa ya ajali ilisema mafundi walikosea kuchanganya chokaa. Mhandisi Kisoma ndiye aliyeisaini. Elibariki alihamishiwa mradi mwingine, mkubwa zaidi.

Mimi nimestaafu kabla ya umri, nina chuma kwenye paja. Mchana kutwa nakaa nje nawaza ukuta ule, jinsi ungeweza kusimama miaka mia nyingine kwa nguzo nne na subira ya msimu mmoja.

Msibani mjane wa Chilewa, Mama Neema, aliniuliza, "Shemeji, alijua kama ukuta ni mbovu?"

"Hapana. Hakujua."

Hakuniuliza kama mimi nilijua.

Basi aliyeamuru ni Elibariki. Aliyesaini ni Kisoma. Aliyetoa vioo huku rafiki yake yuko juu ni mimi. Kabla ya kuwapa ninyi maandishi haya nimempelekea Mama Neema ayasome yeye kwanza. Leo siku ya tisa. Asubuhi hii alipita mbele ya mlango wangu na ndoo kichwani, hakugeuka.