Chungu cha Mikono Miwili

Kiharusi kilimchukua mama mkono wa kulia, na mama alikuwa mfinyanzi. Nilipopata habari nilipanda kutoka Same hadi kijijini kwetu Kighare, na begi moja na daftari, nikidhani nitakaa wiki. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kutunza majalada, kwa hiyo mjini hakukuwa na wa kuniuliza narudi lini. Sasa ni msimu wa tatu wa mahindi na bado niko huku milimani.

Nilimkuta anaongea vizuri na kumbukumbu zake ziko sawa. Kilichokwisha ni hamu. Alikuwa akila vijiko viwili, anasukuma sahani, anageukia ukutani. Daktari alikuwa amesema mwili ungeweza kurudi kama angekula na kutoka nje. Yeye akasema kazi yake duniani aliifanya kwa mikono, na mikono ameimaliza, tumwache alale.

Mimi nina mazoea ya kuandika kila kitu, hivyo nikaandika milo yake. Uji, nusu kikombe. Ndizi, vipande viwili. Uji, robo kikombe. Mwezi ulipoisha nikayasoma yale maandishi kwa mfululizo, nikayaelewa kuliko nilivyopenda. Mama alikuwa anaondoka kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nikimwandikia safari.

Siku ya pili yake nikapika makande, mahindi na maharage kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Akaonja.

"Yana ladha ya sufuria," akasema. "Makande ya chungu ningekula."

Tangu niwasili hilo lilikuwa jambo lake la kwanza kulitaka. Chungu chake cha mwisho kilivunjika alipokuwa hospitali, wageni walipojaa nyumbani na kila mtu akapika. Nikasema nitashuka kwa shangazi, dada yake marehemu baba, ambaye naye ni mfinyanzi, nikanunue kingine. Mama akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Tangu aolewe hakuwahi kupikia chungu kilichofinyangwa na mkono mwingine, na hakuwa na mpango wa kuanza.

"Basi tutafinyanga," nikasema. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo.

Kwetu udongo ni kazi ya wanawake. Mwanamume hafiki kwenye shimo unakochimbwa, wala hasogelei moto wa kuchomea vyungu. Akisogea, wanasema, vyungu vyote vitapasuka. Shangazi alipopata habari alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akaniangalia kuanzia viatu hadi miwani.

"Karani," akaniita, maana ndilo jina alilonipa tangu nianze kazi ya ofisi, "ukimaliza hicho chungu tukununulie na kanga?"

Wanawake waliokuja naye wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Nikamwambia shikamoo kwa mara ya pili. Mama ndiye aliyejibu, kutoka kitandani, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi.

"Wifi, shimoni hatakwenda. Motoni hatasimama. Hapa katikati nani kamkataza?"

Shangazi alifikiri. Alifikiri muda mrefu, kwa haki, kama mtu anayepitia sheria yote kichwani. Kisha akasema hapo katikati kweli hajawahi kusikia katazo, labda kwa sababu hakuna mwanamume aliyewahi kuwa mjinga kiasi cha kupataka. Jioni ile akaniletea udongo, umefungwa kwenye majani ya mgomba.

Nikaleta daftari. Nilitaka vipimo: maji kiasi gani, vigae vya kusaga na kuchanganya kiasi gani, unene wa ukuta kiasi gani. Mama akajibu kila swali kwa njia moja: mpaka uone umekubali. Niliandika hivyo mara tatu, nikalifunga daftari. Nikaukanda udongo kwa kisigino, nikauviringisha kuwa mikanda mirefu, nikaipandisha duara juu ya duara, mama akinirekebisha kutoka kitandani kupitia mlango uliokuwa wazi. Kilipomalizika kilikuwa na sura ya chungu kwa mtu mwenye huruma.

Hapo nikafanya kosa la mtu wa Same. Kule chini nimeishi miaka yote nikianika kila kitu: mboga, nguo, karatasi zilizolowa. Kule jua halikosei, hukausha na kumaliza. Asubuhi iliyofuata ukungu ulipofunguka na jua kutoka, nikakibeba chungu hadi uani, nikakiweka juani, nikajipongeza. Mchana kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni.

Niliogopa kumwambia. Nilidhani atageukia ukutani tena. Badala yake aliomba kukiona, na kwa kuwa hakikubebeka tena bila kuachana, ilibidi yeye akifuate. Nikamshika kwapani, tukaenda hatua kwa hatua mpaka uani. Alikitazama kile kipasuko, akaguna.

"Umekichoma wewe kabla ya moto," akasema. "Chungu cha huku hukaushwa na ukungu."

Kisha akakaa kwenye kigoda, nje, na hakutaka kurudi ndani mpaka saa kumi.

Cha pili tulikifinyanga pamoja. Aliingiza mkono wake wa kushoto ndani ya chungu, akausukuma ukuta kuelekea nje, nami nikaukwangua upande wa nje kwa gunzi la mahindi nikiufuata mkono wake. Sikuuona ule mkono, lakini niliusikia kupitia udongo: hapa simama, hapa songa. Nilipogusa mahali pembamba, vidole vyake viligonga mara moja. Nilikuwa na umri wa kuitwa babu na nilikuwa nimejaa udongo hadi kwenye nyusi, na sikumbuki asubuhi niliyofurahi hivyo katika miaka yote ya ofisi.

Tukakiweka barazani, kivulini, na kazi ikawa kungoja. Chungu kinachokauka kinatakiwa kugeuzwa kidogo kila siku, na mama hakumwamini mtu kukigeuza. Kila asubuhi akatoka. Ukungu uliingia hadi kwenye nguzo za baraza, ukatulia, ukaondoka kama mtu aliyeitwa, na bonde likafunguka mpaka tambarare, mpaka maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yanayong'aa mbali kama kipande cha bati jipya. Mama alinionyesha vitu ambavyo nilivipita utoto wangu wote: ndege anayeimba kabla ya mvua na yule anayeimba baada yake, harufu ya kahawa inapotoa maua, rangi ya udongo inayobadilika ukutani mwa chungu kuanzia juu kushuka chini. Daftari likaanza kujaa mambo hayo. Siku fulani nikagundua nimesahau kuandika uji. Kikombe kilikuwa kitupu.

Siku ya kuchoma, shangazi na wenzake walipanga kuni, nyasi kavu na vyungu vyao, na chetu wakakiweka katikati. Mimi nikapelekwa nyuma ya zizi la mbuzi.

"Hata kuchungulia, hapana," shangazi akasema. "Kikipasuka tutajua ni nani."

Nikakaa na mbuzi. Nilisikia nyasi zikishika, kisha kuni. Kisha nikasikia mlio, paa, mkavu. Nikasimama. Nikakaa. Nikasikia wa pili. Nilijiambia ni udongo tu, nikajua si kweli: kikipasuka hiki, mama angeamini ile habari yake kwamba mikono imekwisha. Mbuzi mmoja akaanza kutafuna daftari langu na sikumzuia.

Muda mrefu baadaye shangazi akaja. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Viwili vimepasuka," akasema. "Vyote vyangu."

Chetu kilikuwa kimekaa juu ya majivu, chekundu, na doa jeusi ubavuni ambapo moto ulikilamba. Mama alikuwa amesimama kando yake, ameshika fimbo kwa kushoto, na alikuwa akicheka. Shangazi alimwambia aache kujivuna, mwanamume amemshinda yeye kwa bahati. Mama akamjibu kwamba aliyemshinda si mwanamume, ni yeye mama, mkono wake ulikuwa ndani ya chungu muda wote.

Tukachemsha humo uji mwepesi kwanza ili uzibe vitundu vyake, kisha makande, kwa moto mdogo, siku nzima. Shangazi hakuondoka. Alisema anasubiri kuona kama kitavuja, ila alikuwa ameshika bakuli.

Mama alikula kwa mkono wa kushoto, polepole. Alimaliza. Akaninyooshea bakuli tupu.

"Mdomo wake umepinda," akasema.

Nikamwongezea. Alipokuwa akila bakuli la pili alimgeukia wifi yake, akamuuliza udongo mwingine ataleta lini, na safari hii alete wa kutosha vyungu vitatu.