Mwalimu Aliyeomba Pa Kulima

Ninamshukuru Mungu kwa mengi, hata kwa magoti haya yanayouma, maana yananikumbusha kuinama. Lakini nikikumbuka jinsi kijiji chetu cha upande wa Mabamba kilivyompoteza mwalimu wa darasa la kwanza, hasira hunipanda hadi leo. Nimeiombea, haijaondoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi walipokuwa wakivuka kutoka Burundi. Mimi nilikuwa katekista na mjumbe wa kamati ya shule. Kabla ya mwalimu huyo kuja, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiangaliwa na wenzao wa darasa la sita, wote wakipiga kelele. Kisha lori la mihogo lilimleta kutoka Kibondo, binti aliyetoka chuo cha ualimu, kwao Iringa. Tulimpokea kwa makofi kama ilivyo desturi yetu Waha, tukamwamkia "mwakeye" mpaka akacheka. Mwaka haujaisha, mjukuu wangu alinisomea mstari mzima wa Injili, kidole kikifuata maneno.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Alikuja kwenye kikao cha kamati.

"Shikamooni wazee wangu. Naomba kipande cha ardhi nipande maharage. Soko liko mbali, na mimi ni mtoto wa mkulima."

Mwenyekiti akacheka. "Mwalimu alime? Watasema tunakutesa. Tutakulisha sisi, mama."

"Baba, Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi namaliza mwaka."

"Hao Waswahili wana mashamba?" mzee mmoja akadakia. Kikao kikaangua kicheko.

Basi wakamlisha. Nyumba kwa nyumba, kwa zamu, walimpelekea ugali wa muhogo uliofunikwa vizuri, akala peke yake ndani, maana kwetu mgeni wa heshima hatazamwi akila. Heshima hiyo ilimkondesha.

Sababu yenyewe ya kumnyima ardhi niliisikia njiani tukitoka kikaoni. Kwetu ardhi hupewa mwenye kaburi la ndugu yake pale, au mwanamke aliyeolewa pale.

"Aolewe kwanza," mwenyekiti aliniambia. "Mwanangu yupo."

"Yaani unamnyima shamba ili umpate mkwe?"

"Katekista, wewe shika rozari yako. Asiye na mume hapa ataondoka tu."

Nilimweleza mratibu elimu alipopita na pikipiki. Hata injini hakuizima. "Mzee, kazi yangu ni kuwaleta. Kuwatunza ni kazi yenu." Chuoni mwalimu wetu alifundishwa kuandaa somo. Namna ya kuishi nasi hakufundishwa, na sisi hatukufundishwa chochote.

Nikamkatia sehemu ya shamba langu, karibu na kijito. Alilima kila Jumamosi huku akiimba nyimbo za kwao, na jioni alikula nyumbani kwangu, chungu kimoja na wake wa wanangu. Alinenepa. Alianza kututania kwa Kiha.

Maharage yalipotoa maua, mwenyekiti alikuja na ndugu zangu wa ukoo. Wakasema ardhi ya ukoo haikatwi na mtu mmoja. Wakayang'oa maharage mbele ya mwalimu, kwa upole, wakimwita mama, wakimwahidi maharage makavu kutoka ghalani mwao. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Waliendelea kuinama na kung'oa.

Yeye alikung'uta udongo kwenye jembe. "Asanteni wazee wangu," alisema. "Nimewaelewa."

Shule za kambi ya wakimbizi zilikuwa zikitafuta walimu, na nyumba za huko zilikuwa na bustani. Mwezi haukuisha, akapanda gari la kambi. Darasa la kwanza likarudi mikononi mwa darasa la sita.

Kikao kilichofuata, mwenyekiti aliniomba nifungue kwa sala. "Katekista, tumwombe Mungu atuletee mwalimu."

Wote wakasimama, wakafumba macho. Mimi nilibaki nimekaa.

"Alishatuletea," nikasema.